Kisu cha Ndiwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kaka yangu Wafula akisugua mpini wa kisu pale Sirisia, nyumbani kwa Mjomba Simiyu aliyekuwa mhunzi. Mpini ulikuwa wa pembe ya Kamili, fahali wetu mweusi. Kazi yangu ilikuwa kuleta makaa tu, basi niliona yote.

Kisu kilikuwa cha rafiki yake Ndiwa, mtu wa Mlima Elgon, aliyekuwa akirina asali msituni. Huko mizinga iko juu ya miti. Mtu ananing'inia kwa mkono mmoja, na mwingine unakata matawi na kubandua kifuniko. Kisu kikikuvunjikia hapo, huna wa kumwita.

Wafula alikata springi ya lori, akaifua, akaichovya kwa oili ingali nyekundu kwa moto. Chuma kikitoka hapo ni kigumu, lakini kinavunjika kama kigae. Lazima ukirudishie moto mdogo, polepole, mpaka kiwe rangi ya nyasi kavu. Hatua hiyo Wafula aliiruka. Ndiwa alishafika, anakunywa chai uani, na Wafula alitaka kumwonyesha ile pembe ikimeta. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini kisu, mwanangu, hakiuzwi na mpini.

Mjomba alikichukua, akakitazama, akakipiga ubapa kwenye kigogo. Kikakatika vipande viwili.

"Mjomba! Si hicho ni cha mgeni!" Wafula akapiga kelele.

"Ndiyo maana nimekipiga. Unampa rafiki kikombe kinang'aa, ati chai hakuna?"

Wafula akanuna. Ndiwa ndiye aliyecheka. "Afadhali kivunjikie hapa, bana. Kule juu ningevunjika nacho."

Akaenda zake mikono mitupu. Aliporudi, Wafula alikuwa na kingine, mpini wa mti tu, kimepinda kidogo, lakini moto mdogo kimepata. Safari hii alikipiga kwenye kigogo yeye mwenyewe, Ndiwa akiona, kisivunjike, kisha akakilaza chini mwenzake akiokote, maana kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono.

Mwaka huu tumemzika Wafula huko Tongaren. Ndiwa alikuja kupitia Kitale, mzee wa mkongojo sasa. Wakati wa kukata nyama alitoa kile kisu kiunoni, kimenolewa mpaka kimekuwa chembamba kama jani la mahindi. Akakata nyama, akakipangusa, akakirudisha.

Basi, mwanangu, ukimtengenezea mwenzako kitu, usiwaze kitapendezaje siku ya kupokelewa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kisu ni hivyo hivyo. Kipige kwenye kigogo wewe kwanza, kikiwa bado chako. Na mkubwa akikivunja mbele ya watu, usimnunie sana. Huenda amekuokolea rafiki.

Mungu aipe mikono yako subira. Akupe pia mtu wa kuja na kisu chako kiunoni, siku ambayo hutaweza kuinuka kumkaribisha.