Pikipiki ya Kuteremka

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, ukungu ule wa kwetu Nyabiyonza unaolala bondeni mpaka jua limepanda, nilipomwona katekista Evarist akipanda kilima huku anaisukuma pikipiki yake. Alikuwa na matope mpaka magotini, kofia ameikunja mfukoni, na mguu wake wa kulia unaburuta nyuma kama ulivyozoea. Mimi nilikuwa kijana, fundi wa redio na pikipiki, na kibanda changu cha mabati kilikuwa pale juu kabisa, kando ya barabara. Nilikimbia nikampokea usukani, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaketi juu ya jiwe.

"Mwanangu," akasema, "umenitengenezea pikipiki ya kuteremka."

Sikumwelewa. Nawe huwezi kumwelewa bado, kwa hiyo tulia nikueleze mzee huyu alikuwa nani, na mimi nilikuwa nimefanya nini. Haraka haraka haina baraka, na mimi sina pa kwenda leo.

Baba yangu alikuja Karagwe kutoka Burundi kutafuta kibarua cha kulima kahawa. Alikuja na mke, watoto na jembe, basi. Evarist ndiye aliyetukatia pembe ya kibanja chake, tukajenga kati ya migomba yake, tukala ndizi zake mpaka zetu zikazaa. Jioni alinifundisha kusoma kwa katekisimu, kwa sababu ndicho kitabu alichokuwa nacho. Kwa hiyo nikisema nilimpenda mzee yule, sisemi kwa adabu tu. Nilimpenda kweli.

Polio ilimpitia utotoni, ikamwachia mguu mmoja mwembamba usio na nguvu. Vigango, yaani makanisa madogo ya parokia, alivyovihudumia vilikuwa mbali, kilima baada ya kilima, na parokia ilikuwa imempa pikipiki kuukuu iliyoachwa na wamisionari waliorudi kwao. Aliipenda kama mchungaji anavyompenda ng'ombe wake wa kwanza. Kuiwasha alikuwa na namna yake: anauweka ule mguu mwembamba juu ya kiki, anaushindilia kwa kusukuma goti na kiganja cha mkono, na pikipiki inaitika. Akishakaa kitini na kuondoka, hakuna aliyekumbuka kwamba ana mguu mbovu. Nadhani hata yeye alisahau.

Halafu sidiai ikafa. Hicho ni kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, kinachokaa chini ya kiti. Wengi hukibadilisha bila kujua kinafanya nini, na wewe ni mmoja wao, usinung'unike. Sumaku ya injini inapozunguka hutoa umeme kidogo kidogo, na ndani ya kisanduku mna kapasita inayoukusanya. Haba na haba hujaza kibaba. Pistoni ikikaribia juu, kidude kingine kinachoitwa thairista hufungua mlango, na umeme wote hutoka kwa mpigo mmoja kwenda kwenye koili na plagi. Cheche inaruka, injini inawaka. Kisanduku kikifa, pikipiki nzima inabaki chuma cha kulalia kuku.

Nilishuka mpaka Murongo, mpakani, kwa wale wanaovusha vipuri kutoka Uganda. Vilikuwepo visanduku vya kila namna, ila hakuna hata kimoja kilichokubaliana na nyaya za pikipiki ile ya zamani. Muuzaji mmoja aliniambia nimshauri mzee auze chuma chakavu. Hapo ndipo nilipoudhika. Nikarudi nikitamba kwamba kisanduku hicho nitakibuni mwenyewe.

Na nilikibuni. Nilivunja sidiai zilizokufa nikachimbua vilivyokuwa vizima ndani ya ile gundi yao nyeusi, nikafungua redio na televisheni mbovu, nikachora mchoro wangu ukutani kwa mkaa. Mchoro ulikuwa sahihi, nakuapia. Ila nilipofika kwenye kuchagua kapasita, nilichukua kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo. Nilijiambia kubwa ndiyo yenye nguvu, na mzee wangu anastahili cheche ya kutisha. Nikaunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikafunika kwa gundi, nikafunga.

Sasa sikiliza jinsi nilivyoijaribu. Huku kwetu ni nani anayehangaika na kiki? Nchi yote ni milima. Unakaa juu ya pikipiki, unaachia breki, inateremka yenyewe, unatumbukiza gia ya pili, inashtuka na kuwaka. Kila mtu alifanya hivyo, na bado mnafanya. Kibanda changu kilikuwa kileleni, mteremko ukianzia mlangoni. Nikaiachia, ikawaka papo hapo, ikalia vizuri kuliko hata zamani, ikapanda kilima na gunia la kahawa nyuma. Watu wakanipigia makofi na mimi nikavimba kichwa. Kiki sikuigusa. Katekista alipokuja kuichukua, naye akateremka nayo, akanipungia mkono bila kugeuka.

Jumapili yake alikwenda kigango cha ng'ambo. Kule chini, katikati ya tambarare ya mafunjo, akasimama kupisha ng'ombe wavuke, na injini ikazima. Akapiga kiki kwa namna yake. Kimya. Akapiga tena na tena, mpaka goti likamwasha moto. Mbele hakuna mteremko, nyuma hakuna mteremko, na mchungaji ameshatokomea na ng'ombe wake. Kule kigangoni wakristo waliimba nyimbo zote wanazozijua, kisha wakatawanyika. Usiku ule mzee alilala kwenye banda la wachunga ng'ombe, na asubuhi ndiyo hiyo niliyomwona akipanda na pikipiki mikononi.

Aliponieleza hayo, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mzee, ungeisukuma mbio kidogo tu, ingewaka."

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Nikimbie nayo kwa mguu upi?"

Akaendelea kwa sauti ile ile ya kufundishia katekisimu: "Paroko aliniita tangu kisanduku cha zamani kilipokufa. Alisema ikifika Pentekoste kama pikipiki bado haiaminiki, vigango vya mbali atapewa katekista kijana mwenye miguu yake. Si mtu mbaya, waitu mwanangu, anawafikiria watu wanaongoja. Lakini mimi bila pikipiki nitakaa kibanjani kutazama migomba. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Aliyetupa pa kuishi alikuwa anakaribia kunyang'anywa kazi yake, na kisanduku kilichokuwa kinamnyang'anya nilikitengeneza mimi.

Nikadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Alichukua fimbo yake kutoka nyuma ya pikipiki, akaniamuru niishushe pikipiki mpaka kule tambarare, na niishushe ikiwa imezimwa, naye akanifuata taratibu. Tulipofika akasema, "Piga kiki." Nilipiga kwa mguu wangu wa ujana, wenye nguvu za kuvunja kuni. Ikakohoa kidogo, ikanyamaza. "Sasa piga kwa mkono," akasema. Nikadhani ananitania. "Piga kwa mkono. Mkono wako ndio mguu wangu. Siku itakapowaka kwa mkono, hapa hapa, unitumie habari." Akageuka akaenda zake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tangu siku ile nilihamishia kazi bondeni. Asubuhi naisukuma mpaka kwenye mafunjo, nabadilisha kitu, nainama, nakandamiza kiki kwa mkono. Wachunga ng'ombe walinicheka sana. Walisema fundi ameanza kuipigia pikipiki magoti. Niliwaacha wacheke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka mgongo ukazoea.

Kosa la kwanza nililiona mapema, nikaona aibu kwamba sikulifikiria. Kapasita yangu ilikuwa dumu kubwa mno chini ya chemchemi yenye maji haba. Kwenye mteremko injini inazunguka kwa kasi, maji yanatiririka, dumu linajaa. Kwa kiki ya mtu dhaifu yanadondoka matone machache, na mlango unafunguliwa dumu likiwa karibu tupu. Cheche itoke wapi? Nikaweka kapasita ndogo. Ikawaka kwa mguu wangu, nikaruka kwa furaha, nikapanda nayo kilimani na gunia. Nusu ya kilima ikaanza kukatakata, cheche imezidiwa na mzigo. Nikashuka tena bondeni.

Nilitafuta ya katikati. Kuipata ilikuwa shida, kwa maana duka la vitu hivyo lilikuwa ni takataka za watu. Nilipoipata, mguu wangu ukakubaliwa na kilima kikakubali, lakini mkono ukakataliwa. Tatizo sasa lilikuwa ni thairista, yule mlinda mlango: alikuwa mzito wa kusikia. Kiki ya mkono ilimgongea hodi polepole, naye hakuamka. Nikachimbua nyingine, na nyingine, nikizijaribu moja moja, mpaka nikampata anayesikia hata mnong'ono. Huyo naye akawa anafungua ovyo kabla hajabishiwa hodi, nikalazimika kumtuliza kwa kubadilisha rizista, kile kidude kinachobana umeme, kisha nikaisogeza karibu na sumaku ile koili ndogo inayotoa ishara ya kumgongea hodi. Mvua ilininyeshea, kiganja kikatoka malengelenge, Pentekoste ikawa inakaribia. Siku moja niliketi kwenye matope nikasema basi, kila mtu na msalaba wake. Kisha nikauona mguu ule machoni mwangu ukiburutwa kwenye kilima, nikainuka. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, mwanangu, lakini anayevuta kamba ndiye anayejua uzito wa neno hilo.

Alasiri moja nikakandamiza kwa mkono, ikawaka. Sikushangilia. Nikaizima, nikaiacha ipoe, nikakandamiza tena. Ikawaka tena. Ndipo nikamtumia mzee habari.

Alikuja kwa fimbo yake. Nilitaka kumshikia pikipiki, akakataa. Akaupandisha mguu mwembamba juu ya kiki, akaweka kiganja juu ya goti, akashindilia. Kimya. Akavuta pumzi, akashindilia tena, na injini ikaitika bondeni kote, ndege wakaruka kutoka kwenye mafunjo. Nilianza kurukaruka, lakini yeye akaizima.

"Ipoe," akasema. Akatoa rozari yake, akasali mpaka mwisho, bila haraka, nami nikasimama pale nikimwomba Mungu wake na wangu. Kisha akaiwasha kwa kiki ya kwanza tu. Akanitazama, na macho yake yalikuwa na maji.

"Panda nyuma," akasema. "Tuone kama na kilima inakubali mzigo."

Tukapanda kilima chote bila kukatakata, fundi akiwa ndiye gunia. Vigango vile hakupewa mtu mwingine. Alivihudumia mpaka uzee ulipomstaafisha, na leo amelala kwenye kibanja chake, karibu na pale tulipojenga sisi. Pikipiki aliniachia mimi.

Sasa wewe umeniuliza kwa nini kila kisanduku ninachotengeneza nakishusha kwanza bondeni, na barabara ya mteremko iko mlangoni. Jibu ni goti langu. Goti la kulia limekwisha, mwanangu. Siwezi kusukuma, na kiki naipiga kwa kusaidia na kiganja, kama yeye. Wiki iliyopita nilizimikiwa kule kule tambarare, peke yangu, na ile pikipiki kuukuu. Nikashindilia, ikawaka. Nikalia kidogo, sikufichi. Miaka yote nilidhani kisanduku kile nilimtengenezea mzee mwenye mguu mbovu, kumbe nilikuwa namtengenezea huyu ninayezungumza nawe.

Shika neno langu basi, uwe unabuni injini, unajenga nyumba au unatawala watu. Usiipime kazi yako mahali panapokusaidia. Huku kwetu mteremko huficha makosa mengi, na wewe una mteremko wako: ujana, nguvu, marafiki wa kupiga makofi. Ipeleke tambarare. Ipime kwa mguu wa aliye dhaifu kuliko wote watakaoitumia, na ikikataa, usimwambie asukume. Inama urudie. Usidanganywe na ukubwa, kwa maana kilicho kikubwa kupita chemchemi yake hakijai. Na akitokea mkubwa wa kukwambia ukweli bila kukupigia kelele, mfuate bondeni hata kama mvua inanyesha.

Mungu akupe kazi ngumu na moyo wa kuirudia. Akupe macho ya kumwona anayekuja nyuma akiburuta mguu. Na siku yako ya kuchoka itakapofika, maana itafika, ikukute tambarare na kitu ulichokitengeneza vizuri ujanani, ukiwekee mguu wako dhaifu, nacho kiwake.