Airisi za Bwana Bustani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkasi wa bustani, ule mzito wa kushika kwa mikono miwili, nikaambiwa nisiuchezee. Kilikuwa kiwanda kimoja cha Nyakato, mali ya umma, na bustani ya mbele ya ofisi ilitunzwa kuliko mashine zenyewe. Mkuu wangu alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenyeji wa Sengerema. Kwenye karatasi aliitwa Msimamizi wa Mazingira, lakini kiwanda kizima kilimwita Bwana Bustani, nami sikuthubutu kumwita vinginevyo.

Alifundisha kwa kuonyesha, tena mara moja tu. Kitalu ni mahali pa kulelea miche ikiwa bado michanga. Kupandikiza ni kuihamishia pale itakapoishi, na hufanywa jioni, jua likishapoa, ili mche usinyauke kabla haujashika ardhi. Matandazo ni majani makavu yanayolazwa juu ya udongo kuzuia unyevu usipotee. Hayo niliyashika upesi. Kilichonishinda kuelewa ni tuta moja lililokuwa mbele ya mlango wa Meneja Utawala.

Tuta hilo lilikuwa na mimea ya majani marefu, yaliyojipanga bapa kama kiganja kilichokunjuliwa. Bwana Bustani aliiita airisi. Aliachiwa na mke wa fundi mgeni aliyekuja kufunga mashine, na mama huyo alimhakikishia kwamba ua lake halina mfano. Mzee akaipalilia, akaitilia samadi, akaimwagilia kiangazi hadi kiangazi. Haikutoa hata ua moja.

"Labda hizi ni dume, mzee," nilimtania.

"Kabula, fanya kazi."

Lakini baadaye nilimkuta amechuchumaa pale, anachungulia katikati ya majani. "Ningeliona mara moja tu," alisema bila kunigeukia. "Nijue nilikuwa nalea kitu gani."

Basi na mimi nikaambukizwa udadisi huo. Tuliijaribishia majivu, kinyesi cha kuku, mpaka maji ya kuoshea samaki, ambayo yalituletea paka tu.

Kila Ijumaa Meneja Utawala alipita kukagua. Aliwahi kuwa mwanajeshi, na bustani aliiangalia kama gwaride. "Sitaki kuona jani moja limezidi wenzake," alisema. Kwa hiyo kila Alhamisi tuliinyoa airisi kwa mkasi, tukaisawazisha kwa kamba, nayo ikapendeza.

Kisha ukaja ubinafsishaji. Kiwanda kikauzwa, na mnunuzi akataka bustani isakafiwe, malori yapate pa kugeuzia. Tulipunguzwa kazi wengi. Bwana Bustani sikumsikia akijisikitikia hata siku moja.

"Mimi nina kwetu," alisema. "Hizi airisi zina wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshapata kazi Ilemela, kwenye nyumba ya wageni ya mtu binafsi. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, ndiyo wakati wenyewe. Jioni tuliingiza uma chini ya mizizi, tukatikisa udongo, tukazitenganisha kwa mikono, shina moja moja. Tulikata majani nusu, maana mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kulisha majani mengi, kisha tukazifunga kwenye gunia bichi. Nilimwekea fungu lake. Akalirudisha kwenye gunia langu.

"Zipeleke wewe. Mimi zimenikataa."

Iliniuma sana.

Ilemela nilizipanda katikati ya mawe. Mkasi ulibaki stoo ya kiwanda, umefungiwa na vitu vyote vilivyouzwa. Bosi wangu mpya, tuliyemwita Mama Mwenye Nyumba, hakutaka kusikia habari ya kununua mwingine. "Wageni wangu wanataka maji ya moto," aliniambia. "Majani yatajijua."

Yakajijua kweli! Yakarefuka ovyo mpaka nikaona aibu. Asubuhi moja nikaona uvimbe ubavuni mwa jani moja lililozidi wenzake. Nikajua ni mdudu. Nilipoamka siku iliyofuata, uvimbe umepasuka na ua limekaa hapo: petali tatu nyeupe, na katikati tatu ndogo za bluu, zimejikunja. Nilipiga kelele hadi wageni wakatoka. Jioni lilikuwa limenyauka, limekwisha.

Nikalishika lile jani. Halikuwa jani. Lilikuwa bua la ua, bapa kama majani, ila refu zaidi. Ndilo tulilokuwa tukilikata kila Alhamisi.

Bua jingine lilikuwa na tumba lililojaa. Alfajiri niliung'oa mche mzima na udongo wake, nikautia kwenye beseni, nikawahi kivuko cha kwenda Sengerema. Tumba likafunguka tukiwa majini.

"Mama, hiyo ni dawa ya nini?" abiria mmoja aliniuliza.

"Ya mzee mmoja," nilimjibu. Moyoni nilikuwa nahangaika nitamwambiaje habari ya mkasi.

Nilimkuta uwanjani kwake. "Shikamoo, mzee." Alikuwa anatazama beseni. Alipiga magoti, akalitazama ua kwa muda mrefu, kisha akashuka kwa kidole toka kwenye ua hadi chini ya bua. Kidole kikasimama.

"Kabula. Hili tulikuwa tunalikata."

"Ndiyo, mzee."

Nilidhani atalia. Akacheka, akacheka hadi akajifuta macho, akamwita mkewe aje aone. Chakula kilipoiva alikataa kuingia ndani. Tulikaa naye hapo hapo mpaka ua likajikunja, kisha akaupanda mche pale uwanjani.

Sasa nami nimestaafu. Vijana walionipokea wana mashine za kunyolea zinazovuma kutwa, na nikiwauliza wanakata nini hujibu, "Majani, bibi." Siwagombezi. Nawaomba tu waache kona moja ijiotee, waone kitakachotoka.

Bwana Bustani alishafariki, akazikwa ng'ambo ya uwanja wake. Bua la airisi likishachanua huinama, likagusa ardhi, likaotesha mche mwingine mbele. Mara ya mwisho nilipokwenda kumsalimu mkewe, nilizikuta kaburini, zimechanua. Nikamuuliza nani alizipandikiza pale.

"Hakuna mtu," alisema. "Zimekwenda zenyewe."