Siku Tuliyomwita Baba

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru nilirudi Paya, kijijini kwetu mashariki mwa Uganda, kwa likizo nikiwa nimeshiba falsafa. Chuoni nilikuwa nimekubali kwamba mtu ni mwili tu. Ubongo ukizimika, hakuna kinachobaki. Niliwatangazia hayo nyumbani kabla sijavua viatu.

Mama alikuwa na lake. Mke wa kaka yangu, Msamia wa Busia, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume ambaye bado hakuwa na jina. Kwetu marehemu ndiye hujichagulia: mtoto akilia, hupewa titi huku majina ya wafu yakitajwa. Jina litakalomfanya anyonye ndilo lake, maana mwenyewe amerudi. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alitaka arudi.

Nikamvuta kando shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye angeita majina.

"Mwache mtoto apate njaa kidogo, halafu anza na jina la baba. Atanyonya tu, na mama atafurahi."

"Nimdanganye ndugu yangu?"

"Hayupo wa kudanganywa, shangazi."

"Basi nitakuwa namdanganya nani? Si mama yako?"



Tuliketi ndani tukiongea Kiswahili, ili shemeji, asiyejua lugha yetu, asibaki kututazama midomo. Mtoto alianza kulia. Shangazi akaita jina la baba; mtoto akageuza uso. Akaliita tena, polepole, kilio kikazidi. Akaendelea na wengine. Alipofika kwa babu mmoja aliyesifika kwa uvivu, mtoto akanyamaza, akanyonya.

"Huyo alikuwa mtu wa namna gani?" shemeji akauliza.

"Jembe lake halikuchakaa," shangazi akajibu. "Lala naye mchana, maana huyu hataamka kabla ya giza."

Nilimtazama mama kwa hofu. Alikuwa anacheka.

"Baba yenu hajawahi kufika mahali mapema. Atakuja na wa pili." Akaenda jikoni kuchochea moto.

Nilitaka kumwambia kwamba imani isiyoweza kushindwa haithibitishi kitu. Hoja ilikuwa nzuri, na bado naiona nzuri. Lakini jina la baba lilipoitwa nilikuwa nimesogea hadi ukingoni mwa kigoda, na mtoto alipogeuza uso, aliyevunjika moyo mle ndani nilikuwa mimi. Nilikuwa namngoja nani? Nimejiuliza mara nyingi, sijapata jibu, wala halinikoseshi usingizi.

Nikamfuata mama jikoni, nikamwomba anisimulie jinsi baba alivyochelewa kwenye harusi yao.