Kizimba cha Nondo Uani

Mimi si mtu wa kushangazwa na jambo. Niliacha shule darasa la nne, nikaokota vyuma chakavu nyuma ya bandari ya Kilindini, na leo mageti na madirisha ya nusu ya mji huu yamepita mkononi mwangu.

Binti yangu ndiye aliyenishinda. Chuoni alisomea mambo ya juu kupita mawingu: dunia imejifunika nguvu za sumaku, na upande wa mchana upepo wa jua huzipiga, basi ile gesi yenye umeme iliyomo, plazima, ikawa yaenda na kurudi kama maji ndani ya ndoo iliyogongwa. Mtikisiko huo, akasema, wafika hadi uani kwetu, ukiwa na kifaa cha kuusikia. Barazani wenzangu walinicheka. "Fundi, mwanao apima upepo wa wapi? Wa Lamu?" Nikawajibu kuwa watoto wao hawajui kupima hata unga.

Kifaa akakifukia uani kwetu Kuze, nikichunge miezi minane, akarudi chuoni. Alinieleza kwa nini ameichagua nyumba yetu kuukuu ya mawe na boriti. Niliitikia tu. Mtu kama mimi haulizi mara mbili.

Wiki ile ile nikakijengea kizimba. Nondo nene, kufuli mbili, rangi ya kijani. Hakuna mwizi Mombasa hii angekifungua. Sikumwambia, nilitaka aje akione mwenyewe.

Miezi minane ilipotimia akaja, akasimama mlango wa uani, begi bado begani.

"Baba, hiki umekiweka lini?"

"Ulipoondoka tu, mamangu. Kazi ya babako hiyo."

Hakupandisha sauti. Akanieleza kuwa chuma huvuta sumaku upande wake, na kikipigwa na jua mvuto wake hubadilika. Saa zile zile za mchana alizozitaka, kifaa kilikuwa kikisikiliza kizimba changu. Nyumba aliipendea kwamba haina nondo hata moja.

Ufadhili wa utafiti wake ulikuwa umekwisha, na muda mwingine chuo hakikumpa. Sasa anajaza makaratasi ya makontena kwa wakala mmoja Kilindini, huko huko nilikookota vyuma. Akirudi jioni huniambia, "Masalkheri, Baba," kwa adabu zake zote, na adabu hiyo ndiyo inayoniua. Kizimba nimekikata kwa mkono wangu, yeye akipita na ndoo ya maji. Hakugeuka.

Kazi yangu sikuihesabu. Nondo, rangi, kufuli na vijiti vya kuchomelea vilinigharimu shilingi elfu nne mia tatu na hamsini.