Waliofiwa na Korongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinisimamisha kabla sijagonga herufi hata moja. Nilikuwa nimetoka Kisii na cheti changu cha uchapaji kwenye bahasha, nikidhani nitamwonyesha kasi. Akasogeza utepe wa wino kando, akaingiza karatasi ya samawati iliyoteleza kama maganda ya kitunguu.

"Hapa hatuchapi, binti," akasema. "Hapa tunatoboa."

Karatasi ile ilikuwa stensili, na vijana wanaosoma haya huenda hawajaiona. Imepakwa nta. Herufi ikiigonga bila utepe, nta inakatika. Baadaye stensili inavishwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino unapenya kwenye yale matundu, na kila mzunguko unatoa nakala. Ukigonga kwa woga, herufi haionekani. Ukigonga kwa hasira, herufi ya o inakatika duara zima, na kwenye nakala unapata doa jeusi. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu inayonuka mpaka kichwa kinauma, unangoja ikauke, unarudia. "O ni ya kubembeleza," Karani Mkuu alipenda kusema. Nimewasahau wakubwa wengi, lakini yeye simsahau.

Hiyo ilikuwa ofisi kuu ya shamba la chai, nje kidogo ya mji wa Kericho, miaka ya tisini ikianza. Kabla sijazoea baridi nikahamishiwa tawi la upande wa Kabianga, chini ya Afisa wa Ustawi. Kazi yake ilikuwa nyumba za wafanyakazi, mpira, ukumbi wa burudani na jarida la shamba, kurasa nne kila mwezi. Jarida lilikuwa langu kuanzia kuchapa hadi kubana pini.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na mashine ya mchezo wa video, ndefu kama kabati, iliyoachwa na meneja mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Ubavuni ilichorwa ndege mwenye miguu mirefu. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa ya Japani na jina lake lilitushinda ulimi, kwa hiyo mashine tukaiita Korongo, na kampuni tukaiita Korongo pia. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kumpitisha yule ndege katikati ya mvua ya mawe. Wachumaji chai walicheka sana waliposhika kijiti cha kuuongoza mchezo mara ya kwanza, kwa sababu kwetu mvua ya mawe ikipiga, shamba linabaki vijiti. Walisema huyo Mjapani lazima alipita Kericho.

Siku moja Afisa wa Ustawi alikuja amekasirika, maana ukumbi ulikuwa mtupu na vilabu vya pombe ya busaa vimejaa.

"Andika kitu juu ya hiyo mashine," akaniambia. "Nusu peji tu, watu wapate hamu ya kuja."

"Niandike nini, bwana? Mimi hata siijui."

"Si iko na anwani hapo nyuma? Uliza wenyewe."

Nikawaandikia kwa Kiingereza cha shule. Nilikuwa nimeshasahau, ndipo bahasha nene ilipofika, yenye stempu nzuri kuliko kitu chochote ofisini. Ndani mlikuwa na picha, historia ya kampuni na habari za michezo iliyokuwa inakuja. Nadhani walidhani mimi ni mhariri wa gazeti kubwa lenye mashabiki nchi nzima. Sikuwasahihisha. Tangu hapo bahasha ziliendelea kuja, nami nikaanzisha Habari za Korongo, ukurasa wa nyuma, chini ya ratiba ya mpira.

Nataka mjue kazi ile ilikuwa na taratibu zake. Habari zilinifikia zikiwa zimepoa, kwa hiyo nilijifunza kutoandika "mwezi huu" wala "hivi karibuni". Kilichothibitishwa nilikiandika "imefanyika". Kilichoahidiwa nilikiandika "inatarajiwa", na sikuvichanganya kamwe. Picha nilizinakili kwa kuweka stensili juu ya kioo cha dirisha, mwanga ukipita, nikifuata mistari kwa kalamu ya chuma yenye ncha butu. Na jina lenyewe, Korongo, lina herufi ya o mara tatu. Nalibembeleza kila mara.

Upande wa historia ndio niliupenda. Mwanzilishi wa kampuni, walinieleza, alikuwa seremala wa masanduku ya majani chai. Mbao zilizobaki alizifanya vitu vya kuchezea watoto. Wanawe wakaongeza springi, wajukuu wakaongeza taa, mwisho wakafika kwenye vioo vya video. Habari hiyo niliichapa kwa furaha, maana wakati huo hata sisi tulikuwa tunafunga chai katika masanduku ya mbao, na karakana yake ilikuwa ng'ambo tu ya ofisi yangu, chini ya fundi aliyeitwa arap Koech. Nilingoja aje aseme neno. Hakuja.

Hakuja mtu yeyote. Niseme wazi, nilikuwa mpweke. Makarani tulikaa nyumba za juu, wachumaji nyumba za chini, na mimi nilikuwa mgeni kwa wote. Sikuolewa. Jioni ukungu ulishuka kwenye majani chai, nikafunga mlango wa chumba changu kimoja na kuzisoma zile bahasha tena na tena. Mtu wa ofisi ya matangazo ya Korongo, ambaye sijawahi kumwona, ndiye aliyeniandikia mara nyingi kuliko ndugu zangu. Jarida nililipeleka kwa mafungu, na nilichopata ni kimya. Nikienda kibandani kununua mandazi, yanafungwa ndani ya ukurasa wangu mwenyewe, mafuta yamemfunika ndege.

Kisha akaja Meneja Msaidizi mpya, mtu wa kubana matumizi. Masanduku ya mbao aliyaondoa, yakaja magunia ya karatasi. Karakana ikafungwa na arap Koech akapewa ufagio pale kwa mizani ya majani. Halafu akaniita mimi.

"Hii Habari za Korongo, nani anasoma?"

Nikamwambia bado sijamjua hata mmoja.

"Ukimpata msomaji, niambie," akasema, si kwa ubaya. "Usipompata, hapo tutaweka kanuni za usalama."

Niliwauliza watu wawili watatu ukumbini. Waliinua mabega. Nikarudi kuchapa, nikijua kila toleo linaweza kuwa la mwisho, na nikijua pia kwamba likiondolewa hakuna atakayeuliza limekwenda wapi. Hilo la pili ndilo lililoniumiza.

Kilichonikuta kikawa kingine. Bahasha ikaja nyembamba. Ndani mlikuwa na kadi moja: kampuni imefungwa, watu siku hizi wanachezea nyumbani kwa mashine za wengine, asanteni kwa kuandika habari zetu. Nilipotazama muhuri wa posta nikaelewa kwamba toleo langu lililopita, lile lenye "inatarajiwa" kwa herufi kubwa, lilikuwa likimsifu marehemu kama mtu anayejiandaa kwenda harusini.

Nilikaa na kadi ile siku nzima. Kuandika "imefungwa" niliona ni kidogo. Mwishowe nikaiandikia tangazo la kifo, vile tunavyoyasikia kila jioni redioni. Nikasema kwa masikitiko kwamba Korongo hayupo tena, mtoto wa seremala wa masanduku. Nikataja michezo yake kama wanawe, mkubwa hadi mdogo. Nikamalizia na walioachwa: mafundi wake, wachora picha wake, na wachezaji wa kule kwao Japani.

Asubuhi baada ya jarida kutoka, mlango ulibishwa. Alikuwa arap Koech, amevaa koti la kanisani, mkononi kibuyu cha mursik.

"Pole, mama," akasema. "Tumesikia umefiwa."

Nikamkaribisha kiti. Akanimiminia maziwa kwenye kikombe changu cha ofisini, akangoja ninywe. Halafu uso wake ukabadilika.

"Lakini mimi iko na malalamiko. Kwa nini hukuandika sisi?"

"Niwaandike wapi, mzee?"

"Kwa wale wameachwa. Umeandika watu ya Japani peke yake. Na sisi je? Mimi nimetengeneza masanduku kama yule baba yao. Wakati walifunga karakana yangu, nilikuwa nasema, si kitu, hata yule alianza na mbao. Sasa amekufa, na jina yangu haiko."

Nikamuuliza alisomea wapi, maana sikuwahi kumwona na jarida.

"Mimi sijui kusoma vizuri. Karani ya mizani anatusomea kwa Kipsigis, wakati tunangoja lori. Wote. Hata wale mama ya kuchuma. Ile peji ya mpira tunaruka."

"Na hamkuniambia?"

"Wewe hujawahi kufika pale kwa mizani," akasema, akishangaa swali langu.

Asiyekuwepo na lake halipo. Miaka yote ile nilikuwa nikingoja watu wapande ofisini, na wao walikuwa wakinisoma mwendo mfupi tu mteremkoni.

Jirani, rafiki, hata shemeji, akisahauliwa kwenye tangazo la kifo, kinyongo chake hakiishi. Hilo kila mtu wa pande zetu analijua. Kabla ya saa sita foleni ilikuwa dirishani kwangu, wachumaji na vikapu mgongoni, kila mmoja akitaka aandikwe. Meneja Msaidizi alitoka mbio akidhani ni mgomo.

"Wanataka nini hawa?"

"Wamefiwa, bwana," nikamwambia.

Aliitazama ile foleni, kisha akarudi ndani, na karatasi za ziada sikunyimwa.

Nilipofika jina la mwisho, arap Koech, ambaye hakuwa ameondoka, akauliza mimi nitaandikwa wapi. Nikasema mimi ni mwandishi tu.

"Wacha," akasema. "Anza na wewe. Wewe ndio mjane."

Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka nao, kisha nikalia mbele yao bila aibu. Nikaingiza stensili mpya na kuanza na jina langu. Sikukata o hata moja.

Hivyo niliwajua wasomaji wangu siku ya matanga. Baada ya hapo sikuwa na la kuwaandikia. Ukurasa ukapewa kanuni za usalama, na mashine ikaungua ndani, ikakosa fundi. Nilishuka kwa mizani mara kadhaa. Tulisalimiana vizuri, lakini karani asiye na habari anasimama tu. Punde nikahamishiwa Merigi, upande wa Bomet, chini ya meneja aliyependa kompyuta. Stensili zikatupwa. Nikamaliza miaka yangu nikibonyeza vitufe ambavyo havijali unagonga kwa hasira au kwa woga.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kisii, peke yangu. Nimezoea stesheni ya redio ya Kipsigis, ingawa majirani wasioielewa lugha hiyo wananicheka, na matangazo ya vifo nayasikiliza yote. Mara nyingine nahesabu langu litakuwa na nani, na halichukui muda.

Majuzi, nikichambua mboga, wakamtaja Mzee arap Koech wa Kabianga, aliyekuwa fundi wa masanduku. Ameacha mke, watoto, wajukuu, waumini wenzake. Nilidhani wamemaliza. Msomaji akavuta pumzi, akaongeza: na karani wa Korongo, popote alipo.

Niliacha mboga. Nikajifunga leso, nikatoka hadi kwa jirani, maana mtu aliyefiwa haketi peke yake. Akaniona uso, akaweka ndoo ya maziwa chini.

"Pole, dada. Umefiwa na nani?"

Nikamwomba kiti, nikamwambia inaanzia mbali, kwa seremala mmoja wa Japani.