Barua Niliyoinywa

Vitabu vinasema maji safi hayana rangi, hayana harufu wala ladha. Mimi ni mwalimu wa kemia, na maneno hayo nimeyasema mbele ya wanafunzi kwa miaka mingi, lakini kila nikiyasema nafsi hunisuta, maana maji ya kwanza niliyoyajua duniani yalikuwa na harufu na yalikuwa na ladha, tena ya kukunja uso. Yalikuwa ya kisima cha uani kwetu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Asubuhi Bibi akimwaga ndoo ya kwanza kwenye sakafu ya saruji iliyokwishaanza kushika joto, iliinuka harufu ya jiwe lililoloa na kutu ya mnyororo, na nyuma yake kitu cha bahari, japo bahari hatukuiona. Harufu hiyo nikiikuta popote leo, nasimama. Mume wangu amezoea, hunishika mkono akanivuta.

Maji yale yalikuwa ya chumvi. Kuyanywa huwezi, na sabuni haikuelewana nayo hata kidogo: unasugua mche wa sabuni mpaka viganja vinawaka, povu hakuna, unaambulia utando mweupe unaoganda pembeni mwa beseni. Bibi, mama yake mama, alikuwa akiitukana ile sabuni kama mpangaji mkorofi. "We nawe, toka! Unaona haya?" Maji ya bomba yalikuja kwa zamu, tena kwa mwendo wa kunyata, na yakija yaliwekwa kwenye mtungi wenye kifuniko cha mbao. Hayo yalikuwa ya kunywa, ya chai, na ya kulowekea kanga zake nzuri, basi. Ukimwaga kata moja ya maji ya mtungi, finyo lake utalikumbuka mpaka Idi.

Nilikuwa na miaka saba, na mwalimu wangu wa kwanza wa kemia alikuwa huyo Bibi, ambaye hakuwahi kulisikia neno lenyewe. Nilipomlalamikia kwamba sukari imepotea kwenye chai, alicheka. "Imepotea iende wapi? Onja." Nikaonja. "Sasa imepotea au imejificha?" Siku nyingine alichota maji ya kisima, akayamimina kwenye sahani ya bati, akaniambia niianike juu ya paa la choo, nisiiguse. Jua la Dar lilifanya kazi yake. Alasiri nikakuta sahani kavu, chini yake unga mweupe unaometa. Nikaulamba. Chumvi! Nilizunguka nyumba nzima na sahani ile nikiwaonyesha wapangaji kana kwamba nimechimba dhahabu. "Maji yameondoka," Bibi alisema, "kilichokuwamo kimebaki." Baadaye sana, chuoni, nilifundishwa kwamba chembe ya maji ina pande mbili, upande mmoja una chaji hasi kidogo na mwingine chanya, na kwamba ndivyo inavyoizingira punje ya chumvi, ikaivuta huku na huku mpaka ikaachana vipande visivyoonekana. Nilielewa upesi kuliko wenzangu. Wao walikuwa wanasoma habari za mmumunyo, mimi nilikuwa nakumbuka paa la choo.

Msimu ninaousimulia ni ule ambao mama alikuwa bara. Alipanda treni kwenda Mwanza kutafuta maisha, mimi nikaachwa kwa Bibi, na niliambiwa atarudi. Nilimtamani mama mpaka nikawa nauvaa mtandio wake mwekundu nikilala. Nilimuuliza Bibi habari za Mwanza kila siku, naye hakujua kitu zaidi ya kwamba kuna ziwa, na maji yake ni matamu, na sabuni inatoa povu hata hujasugua. Basi nikamwona mama hivyo, amekaa katikati ya povu, anafua, anaharakisha amalize arudi.

Halafu ikaja barua. Aliileta mtu wa treni, imeandikwa kwa wino wa chupa, wa bluu, maana mama alikuwa na kalamu yake ya kujaza wino aliyopewa zawadi alipomaliza darasa la saba. Bibi alisoma msahafu tu, herufi za kizungu hazikumjua naye hakuzijua. Akampelekea Baba Idi, fundi saa aliyepanga chumba cha mbele, wakafunga mlango. Alipotoka nilimrukia. "Mama anasemaje?"

"Anakusalimu sana."

"Na nini tena?"

"Haya mengine utayasoma mwenyewe. Si unakwenda shule? Ukijua kusoma, nitakupa."

Akaifunga barua kwenye pindo la kanga yake, fundo gumu, na hapo ndipo ilipokaa. Sijawahi kusoma kwa bidii namna ile tena, hata chuo kikuu. Nilisoma vibao vya maduka, nilisoma magunia ya mchele sokoni, nilisoma karatasi zilizofungiwa karanga. Kila jioni nilimsomea Bibi maneno mapya niliyoyapata, mama, baba, kaka, maji, naye aliitikia, "Mashallah," lakini hakuifungua kanga. Ilipofika siku nikasoma mstari mzima wa kitabu bila kukwama, niliruka hadi uani. "Bibi, tayari! Nipe!" "Kesho," akasema.

Kesho yake asubuhi alinirushia kanga ile. "Kailoweke. Tumia maji ya mtungi." Na hapa lazima nieleze jambo moja la nyumba yetu. Kanga ya Bibi hailowekwi kabla pindo halijakaguliwa. Humo alifunga funguo, tumbaku, ubani, hirizi ya mtu, kila kitu. Alikagua pembe zote nne mwenyewe, na akiniachia mimi aliuliza mara tatu, "Umefungua? Una hakika? Hebu nione." Siku ile hakuuliza. Nami kwa furaha ya kuaminiwa maji ya mtungi, nikatumbukiza kanga yote kwenye beseni, nikaikandamiza kwa mikono miwili, nikaenda kucheza rede.

Niliporudi maji yalikuwa ya bluu. Nilidhani kanga inachuja. Kisha nikakumbuka fundo. Nililifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na karatasi nyeupe, laini kama ugali wa mgonjwa, haina hata nukta. Ingekuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi, maji yasingeiweza. Ingekuwa ile kalamu ya siku hizi yenye wino wa mafuta, labda ningeokoa hata salamu. Wino wa chupa na maji ni marafiki wa siku nyingi, wakikutana hawaachani.

Lakini mimi nilikuwa mtoto wa paa la choo. Nilijua kilichoyeyuka hakijapotea. Nilikamua karatasi na pindo lile kwenye sahani nyeupe ya kauri, nikapanda ndoo, nikaiweka sahani juu ya paa la choo, nikakaa chini yake nikiomba dua zote nilizozijua. Chumvi ilirudi, kwa nini maneno ya mama yasirudi? Nilingoja bila kula mchana. Maji yalipokauka nikaishusha. Palikuwa na duara la bluu, limekolea pembeni, limepauka katikati. Nililigeuza huku na huku nikitafuta herufi M. Haikuwapo.

Hapo nikafanya jambo ambalo mtoto wa uswahilini tu ndiye angelifanya. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeugua homa, na mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kunifanyia kombe: aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji yenye marashi, nikanywa, maneno yakaingia mwilini. Kwa hiyo nilijua maneno yananyweka. Nikachota maji ya mtungi, nikaosha duara lile kwa kidole mpaka sahani ikawa nyeupe, nikasema bismillah, nikainywa barua ya mama yangu. Ilikuwa chungu, na ulimi wangu ukawa wa bluu.

Bibi alinikuta sahani ingali mdomoni. Nilijua nimekwisha. Maji ya mtungi, barua, kanga, yote siku moja! Nikaanza kulia kabla hajanigusa. "Bibi nisamehe, sikufungua fundo, nimemmaliza mama." Hakunifinya. Alikaa chini palepale penye maji, akanipakata, nikahisi kifua chake kinatikisika. "Hukummaliza," alisema. "Yumo humo tumboni. Nyamaza." Nikanyamaza, kwa kuwa nilimwamini. Miaka mingi baadaye, nikiwa na hofu ya mtihani au nikiumwa, nilikuwa naweka mkono tumboni nikijiambia mama yumo.

Mama hakurudi. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, Bibi alikuwa amelala kitandani kwa mama mdogo, Ilala, amebaki macho na mikono. Jioni moja aliniuliza nasoma nini hasa huko, nikamwambia nasoma jinsi vitu vinavyoyeyuka kwenye maji. Akasema, "Ile barua niliisikia yote, Zuhura. Mama yako aliolewa. Mume hakutaka mtoto wa mtu mwingine. Aliandika usimngoje." Alipumzika. "Ningeichana, ungeniuliza iko wapi. Na ulikuwa unasoma kila siku, mtoto gani wewe, huchoki! Nikakupa kanga."

Niliwaka. Sitaficha, nilimpigia kelele mwanamke mgonjwa. Nilimwambia aliniacha nijione mkosaji tangu nina miaka saba, kwamba kila nilipoona fundo la kanga niliukumbuka ule wino. Aliningoja nimalize. "Najua," alisema. "Niliona bora ulie kwa ajili ya maji kuliko kwa ajili yake." Nilimfunika miguu, nikaondoka, na hasira yangu ilichukua wiki tatu kupoa. Niliporudi, alinipokea kwa kuniuliza kama nimekula. Masika ya mwaka huo akafariki. Mama nilikuja kuonana naye nikiwa mtu mzima na watoto wangu, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukanywa chai vizuri, na habari za barua sikumuuliza. Mtu niliyekuwa nikimtamani hakuwa yeye tena.

Nyumba yetu haipo. Pale limesimama ghorofa la maduka, masanduku ya safari na mapazia kutoka chini hadi juu, na basi la mwendokasi linakusikizisha honi yake kutoka upande wa Gerezani. Nilikwenda huko Jumamosi iliyopita kutafuta sare za mwanangu, nikaomba choo. Nilipofungua bomba kunawa, sabuni ikakataa kutoa povu. Nikasugua, hakuna. Nikainusa mikono: jiwe lililoloa, kutu, na bahari kwa mbali. Nikamuuliza mlinzi maji haya yanatoka wapi. "Chini hapo, mama. Kuna kisima cha zamani, tunavuta kwa pampu. Usinywe lakini, ya chumvi hayo."

Nilijaza chupa, watu wakinishangaa. Nyumbani nilimimina maji kwenye sahani, nikaianika juani, nikakaa kando yake mchana kutwa kama mtu asiye na kazi. Mwanangu alipita akaniuliza nangoja nini, nikamwambia asiiguse. Alasiri sahani ilikuwa kavu na chumvi imerudi yote, nyeupe, inametameta kama siku ile. Niliilamba nikalia sana, na safari hii sikulia kwa ajili ya maji, wala ya mama.