Wanataka Nikalie Mkeka wa Baba, na Msahafu Sijui Kuusoma

Asalaam aleikum ndugu zangu wa ukurasa huu. Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje, we sema tu ni upande wa Mohoro, maana huku watu tunajuana mno. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na nane, nina mke na watoto, nilisoma mpaka la saba, naendesha mashine ya kukoboa mpunga Kibiti. Mwaka huu nimefiwa na baba. Baba alikuwa maalimu, karibu watu wazima wote wa kijiji chetu wamesoma Kurani kwenye mkeka wake. Mimi, mwanawe wa pekee wa kiume, sijui kusoma msahafu. Zile herufi naziona kama nyayo za kuku kwenye matope. Anayejua ni mke wangu peke yake, na sasa nyie.

Ilianza nikiwa na miaka kumi hivi. Baba kwenye chuo chake cha Kurani alikuwa mkali, na kwangu alizidisha ili watu wasiseme anapendelea. Siku moja nikakwama kwenye aya ile ile, narudia nakosea, narudia nakosea. Akanisimamisha mbele ya wenzangu, wavulana kwa wasichana, akainua bakora. Kabla haijanifika nikajikojolea. Mkeka mzima ukaangua kicheko. Sikurudi tena. Nilikimbilia kwa bibi bondeni, nikakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha shambani, msimu mzima, naamia ndege wasile mpunga. Baba hakunifuata. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba na yeye aliona aibu, maalimu mzima mwanawe amemshinda. Watu walipomuuliza alijibu, "Yule namsomesha mwenyewe nyumbani." Hakunisomesha hata siku moja, na hatukuwahi kuliongelea.

Basi nikaishi hivyo. Kwenye hitima za marehemu wakigawa juzuu za Kurani na mimi napokea, nafungua, nachezesha midomo, jicho liko kwa jirani, akifunua ukurasa nami nafunua. Mtani wangu mmoja Mmatumbi akanipasukia siku moja mbele za watu: "We mtoto wa maalimu, mbona unasoma kama perege katolewa majini? Hebu paza sauti na sisi tupate thawabu!" Watu wakacheka, nami nikacheka, huku kanzu imelowa jasho mgongoni. Tangu hapo nikialikwa hitima nasema mashine imeharibika.

Baba alipozidiwa wakanipigia simu, nikaenda. Chumbani alikuwepo ba'mdogo, shangazi, na wazee wawili wa msikitini. Baba akanishika mkono, akasema kwa taabu, "Mwanangu, nisomee." Ba'mdogo akadakia, "Msomee Yasini baba yako. Nani mwingine wa kumsomea kama si wewe?" Baba akatikisa kichwa kukataa. Akanivuta mpaka sikio langu likagusa mdomo wake, akaninong'oneza, "Alhamdu tu. Ile unayoijua."

Jamani, Alhamdu naijua! Naisoma kwenye sala kila siku ya Mungu. Lakini wazee wananikodolea macho wanangoja Yasini, nami nikawaza, mtoto wa maalimu nikisoma Alhamdu kisha nikanyamaza, hawa watanielewaje? Nikatoa simu mfukoni, nikaiweka sikioni. "Haloo? Haloo? Ngoja nitoke, mtandao unakata." Simu haikuwa imeita. Nilisimama nyuma ya jiko naongea na simu ambayo haina mtu, mpaka nikasikia shangazi anapiga ukelele ndani.

Kinachoniua zaidi, watu walinisifu. "Masikini, anavyompenda baba yake, kashindwa kumwona anakata roho." Nami nikainamisha kichwa kama kweli. Sasa hivi nikisimama kusali, Alhamdu naipita mbio kama mtu anayekimbizwa.

Juzi ba'mdogo na mzee mmoja wa msikiti wamenifuata mashineni Kibiti. Ba'mdogo akasema, "Chuo kimefungwa, watoto wanazurura. Baba yako kakusomesha kwa mkono wake, hilo kila mtu analijua. Ule mkeka ni wako."

Nikasema, "Ba'mdogo, mimi nina kazi zangu huku."

"Kazi gani hiyo inayopita radhi za baba yako?"

Mashine inanguruma, vumbi la pumba limejaa machoni, nikajisikia nasema, "Sawa, ba'mdogo." Sawa! Ijumaa baada ya sala wananitangaza, Jumamosi watoto wanaanza. Nasikia kuna mama ameshamshonea mwanawe kanzu.

Mke wangu yeye alihitimu Kurani tangu msichana. Ananiambia, "Baba watoto, waambie ukweli. Halafu ukae chini, nikuanzishe alifu. Au hata mimi unanionea aibu?"

Nikisema ukweli, namvunjia baba heshima yumo kaburini, maana watu watajua maalimu wao aliwadanganya kwa miaka yote hiyo. Nikinyamaza, watoto wa watu wanakabidhiwa kwa mtu anayechezesha midomo. Na nikikosea mbele yao watanicheka, kama wale wa zamani. Kuna njia nyingine niliyoizoea, nizime simu, niingie visiwani huko deltani nikae mpaka wamtafute mtu mwingine. Begi nimeshalitoa uvunguni, nimeliweka mlangoni. Mke wangu kaliona, kalipita.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, ila mkishamaliza mnishauri. Nisimame msikitini niseme, na jina la baba liende na langu? Nifanye nini? Najua mtaniuliza kwa nini nimeficha jina hata hapa. Ijumaa ni keshokutwa, na begi bado liko mlangoni.